Kitochi, simu ya mama, au simu yake mwenyewe: ipi umpe mtoto?

Siku moja baada ya magharibi kitinda mimba wangu alikuwa amejilaza mkekani na simu yangu mkononi, anatazama katuni. Bando likaisha. Mimi niko jikoni nageuza chapati, sikujua. Alipoona katuni imeganda akaingia kwenye picha kutafuta zile tulizopiga sikukuu. Nikasikia anaita, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, huyu baba mbona amelala barabarani?"

Ilikuwa picha ya ajali ya bodaboda. Mmoja wa wajomba zangu alikuwa ameirusha kwenye grupu la ukoo asubuhi ile, na chini yake ameandika pole kwa wafiwa na kuwaasa madereva wawe makini. Sikuwa hata nimeifungua. Simu yangu ilikuwa imeishusha yenyewe na kuiweka pamoja na picha za sikukuu. Mtoto hakulia. Ila kwa wiki tatu alikataa kupanda bodaboda, na tukawa tunatembea kwa miguu hadi shuleni, tukiondoka nyumbani bado giza.

Nina watoto watatu: wa miaka 6, wa 11, na kifungua mimba wa 15. Kwa miaka michache sasa nimejaribu karibu kila njia ambayo wazazi tunaambizana tukikutana: mpe kitochi, mwachie simu yako uwe unamwangalia, mnunulie yake uiwekee ulinzi, weka kichujio kwenye intaneti. Naziweka hapa ubavuni mwa nyenzake, kwa sababu kila moja inaziba tundu tofauti. Na tundu ninazoziangalia ni nne: ukatili anaouona, mtu asiyefaa anayemfikia, picha anazozituma yeye mwenyewe, na hela.

Kitochi

Kitochi, kile ambacho jirani zetu wa Kenya hukiita mulika mwizi au kabambe, ndicho jibu la kwanza la wazazi wengi, na nina heshima nacho. Chaji inakaa siku kadhaa. Mtoto akitoka tuisheni anakupigia. Hakuna picha inayoingia bila kuitwa, hakuna mgeni anayeomba urafiki, hakuna video inayofuata video. Kwenye tundu ya mtu asiyefaa na tundu ya picha, kitochi kinafunga karibu kabisa.

Kwenye hela hakifungi hata kidogo. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinaingia kwenye kitochi kama zinavyoingia kwenye simu ya bei mbaya, na mtoto wa miaka 11 aliyetumwa na mama yake dukani anaweza kuamini kwamba ni mama ndiye aliyeandika. Mfundishe mapema kwamba hela haitumwi kwa meseji, inatumwa baada ya kusikia sauti. Namba za matapeli hao Tanzania unaziripoti kwa kutuma meseji 15040. Tena, laini ya mtoto husajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi, kwa hiyo chochote kinachofanyika kwenye laini ile kina jina lako. Piga *106# uone laini ngapi ziko kwenye kitambulisho chako.

Kuna jambo ambalo sikuliwazia mpaka lilipotokea kwangu. Kitochi kingi kina sehemu ya memori kadi. Mwanangu wa kati alipeleka kadi yake kwa kijana wa kuingiza nyimbo pale stendi, akarudi na nyimbo arobaini na, katikati yake, video fupi tano. Mbili zilikuwa za watu wanaopigwa na umati. Kwenye kioo kidogo kama kile zinaonekana kama vivuli, lakini sauti inasikika vizuri sana. Kwa hiyo ukinunua kitochi, angalia kama kina nafasi ya kadi, na kama kinayo, kadi uinunue wewe na nyimbo mziingize pamoja.

Halafu kuna kibanda umiza, lile banda la mtaani la kuonyesha filamu. Mtoto asiye na cha kutazama nyumbani hutazama mtaani, na mtaani filamu inayovuta watu mchana wa Jumamosi ni ya bunduki na mapanga, yenye mtu anayeitafsiri kwa Kiswahili kwa mbwembwe hadi damu iwe kichekesho. Sizichukii filamu zile, nimekua nazo. Ninachosema ni kwamba kitochi kinapunguza ukatili unaoingia mfukoni mwake, hakipunguzi ule anaokwenda kuutazama kwenye benchi na wenzake, na hapo wewe haupo.

Simu ya mama

Hii ndiyo inayotumika kuliko zote katika nyumba zetu, na ndiyo tunayoidhania salama kwa sababu ni yetu. Nikiziweka zote nne pamoja, simu ya mzazi isiyoguswa mipangilio yake naiweka ya mwisho kabisa. Akaunti iliyomo ni ya mtu mzima. YouTube inamwona mwanangu wa miaka 6 kama mwanamke wa makamo. Magrupu ni yangu, ya ukoo, ya kikoba, ya wazazi wa darasa, na kila grupu lina mtu mwenye mkono mwepesi wa kurusha picha za ajali. Lori la mafuta lilipolipuka Morogoro mwezi Agosti 2019 na kuua zaidi ya watu 100, picha za waliokuwa wakiungua zilizunguka nchi nzima kwenye simu kama hizi, na simu hizi ndizo wanazochezea watoto.

Televisheni angalau ina saa zake. Kenya, kwa mfano, vituo haviruhusiwi kurusha vipindi vya watu wazima kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku. Simu haina saa 4.

Lakini simu hii hii, ikitengenezwa, inaruka kutoka ya mwisho hadi karibu ya kwanza, na haigharimu hata shilingi. Mimi nilifanya mambo matatu. Kwenye WhatsApp niliingia mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, nikazima kushusha picha na video zenyewe, iwe kwa bando au kwa wifi. Kisha kwenye mipangilio ya gumzo nikazima ile inayoonyesha picha za WhatsApp kwenye galari, hivyo hata niliyoifungua mwenyewe haijichanganyi na picha zetu. Tatu, simu za Android zina namna ya kubana programu moja kwenye kioo: mtoto akipewa katuni anabaki kwenye katuni, akitaka kutoka simu inadai namba ya siri. Jina lake na mahali pake hutofautiana kati ya simu na simu, lakini litafute kwenye mipangilio ya usalama.

Kuhusu katuni zenyewe, usilinganishe YouTube ya kawaida na ya watoto kwa rangi zake. Linganisha kwa nani anayechagua. YouTube ya kawaida inachagua yenyewe kinachofuata. YouTube Kids, iliyoanza 2015, inachuja kwa mashine, na mashine ilishindwa vibaya: mwaka 2017 iligundulika kwamba kulikuwa na video nyingi zenye wahusika wa katuni wanaopendwa na watoto zikiwa na vitisho, sindano na damu, na baadhi zilipenya hadi humo. Baada ya hapo, mwaka 2018, wakaongeza njia ya mzazi kuchagua mwenyewe video na chaneli, na mtoto haoni kingine chochote. Hiyo ndiyo ya kuwasha kwa mtoto wa chini ya miaka 8. Inachosha, ni kweli, jioni moja nzima ya kuchagua. Kama bando ni tatizo, shusha video kumi unazozijua uzime data kabisa. Watoto wadogo hawachoki kurudia.

Simu yake mwenyewe, yenye ulinzi

Kifungua mimba wangu alipofika kidato cha pili alianza kuomba. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo tulikuwa tunazungumzia likizo na Jumapili. Nikamnunulia simu ya mtumba ya Android na kuifunga na Family Link ya Google, ambayo ni ya bure. Ya mzazi inaweza kuwa Android au iPhone, ya mtoto ni lazima iwe Android. Kwa mwenye iPhone pande zote mbili, Apple ina mpangilio wake wa muda wa skrini unaofanya kazi inayofanana.

Kinachofanywa na Family Link kinaonekana haraka: saa ya kulala simu inajifunga, kila programu anayotaka kuishusha inakuja kwangu kuombewa ruhusa, naona ametumia saa ngapi kwenye kipi, na naona simu iko wapi. Programu na gemu zinachujwa kwa umri. Amri mpya ikitolewa haifiki mpaka simu yake iwe na bando, jambo dogo lakini ujue.

Ambacho haifanyi ndicho kinachowaangusha wazazi. Haisomi meseji. Ukishamruhusu WhatsApp, Family Link inajua tu kwamba ameitumia saa moja na nusu. Nani alimwandikia, picha gani iliingia, haijui. Ulinzi wa ndani ya kila programu unauweka ndani ya programu yenyewe. Kwenye WhatsApp, ambayo umri wake ni miaka 13, weka kwamba wanaoweza kumwingiza kwenye grupu ni wale tu aliowahifadhi, na nyamazisha simu za namba asizozijua. TikTok, nayo ya 13, inakuruhusu kuunganisha akaunti yako na yake. Wa chini ya miaka 16 hawawezi kutumiana ujumbe wa faragha humo, na akaunti za miaka 13 hadi 15 huanza zikiwa za faragha. Instagram ilianza kuwaweka vijana kwenye akaunti zao maalumu Septemba 2024. Ulinzi wote huu unategemea umri aliouandika siku ya kujisajili. Mtoto aliyejiandika amezaliwa 1999 anahesabiwa mtu mzima kote huko. Kaa naye siku ya kufungua akaunti, mwaka wa kuzaliwa uandikeni pamoja.

Na hata ukifanya yote, mashine huteleza. Mwishoni mwa Februari 2025 watumiaji wa Instagram duniani waliletewa video fupi za maiti na mashambulizi, hata waliokuwa wamewasha kinga ya juu kabisa. Meta, wenye Instagram, walikiri kwamba ni kosa lao, wakaomba radhi na kulirekebisha. Nyuma yake, Machi 2019, muuaji wa Christchurch huko New Zealand alirusha mauaji yake msikitini mubashara kupitia Facebook, na kampuni ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 katika saa 24 za kwanza. Hizo ni zile walizozikamata.

Kwa hiyo nikilinganisha simu hii na kitochi: kwenye muda, kwenye programu na kwenye kujua mtoto yuko wapi, inashinda. Kwenye ukatili inaziba nusu. Kwenye mtu asiyefaa na picha anazotuma mwenyewe, tundu ni kubwa kuliko ya kitochi mara nyingi, na hakuna programu itakayoiziba kwa niaba yako.

Kichujio

Hapa sitakaa sana. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu kwenye mipangilio ya mtandao inayoitwa DNS ya faragha. Ukiandika humo family.cloudflare-dns.com, simu itakataa kufungua tovuti za ngono na zile za virusi. Ni bure, inachukua dakika mbili, na kwa tovuti za ngono inasaidia kweli. Weka kwenye kila simu ambayo mtoto anaigusa, ikiwemo yako.

Ila kichujio cha aina hii kinaona jina la tovuti tu. Hakioni kilicho ndani ya WhatsApp, wala video ipi inachezwa ndani ya YouTube. Kwake YouTube ni jina moja, lenye katuni na lenye maiti. Na kijana mwenye VPN, programu inayopitisha intaneti yake kwa njia nyingine iliyofichwa, anapita juu yake kama hakipo. Mzazi anayeniambia "mimi nimeweka kichujio, nimemaliza" huwa namwonea huruma, kwa sababu kichujio kimejengwa kwa ajili ya uchi, na ukatili unapita pembeni yake.

Je, ukatili unadhuru kweli?

Wengine huuliza kama tunahangaika bure. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Albert Bandura aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu la kuchezea, na waliomwona waliiga kuliko wasiomwona. Wataalamu wamebishana tangu hapo. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilisema kuna uhusiano mdogo kati ya gemu za mapigano na ukali wa aina ya kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuzihusisha na uhalifu wa kutumia nguvu. Kwa hiyo kijana wako anayecheza gemu ya bunduki na wenzake usimtazame kama muuaji mtarajiwa.

Mimi nyumbani swali langu ni dogo kuliko hilo. Analala? Anapanda bodaboda? Mtoto wa miaka 6 aliyeona mwili halisi barabarani hafanani na kijana wa 15 anayepiga risasi kwenye gemu akijua ni mchezo. La kwanza linanikosesha usingizi zaidi, na cha kushangaza ndilo tunaloliletea sisi wenyewe, kwenye magrupu yetu, pamoja na neno "poleni".

Anayemfikia

Mwaka jana, likizo ya Desemba, binti yangu alikuja jikoni akasimama mlangoni bila kusema kitu. Kisha akanipa simu. Mtu mwenye picha ya msichana mrembo alikuwa amemwandikia kwa siku nne, anamsifia, anasema anatafuta wanamitindo, na sasa anaomba picha ya mwili mzima "bila gauni, kwa ajili ya vipimo". Aliyemuunganisha naye ni kijana wa mtaani kwetu, anayetuamkia kila siku.

UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyanyasaji wa kingono wa watoto) na INTERPOL walifanya utafiti Kenya na Tanzania miongoni mwa watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, na moja ya waliyoyakuta ni kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto mtandaoni ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Tunaogopa mgeni wa mbali, na aliye karibu tunampa namba.

Kilichomleta binti yangu jikoni siku ile hakikuwa Family Link. Siku nilipomkabidhi simu nilimwahidi jambo moja mbele ya baba yake: simu hii inaweza kuchukuliwa kwa kuvunja saa za kulala, kwa kudanganya, kwa alama kushuka, lakini haitachukuliwa kamwe kwa sababu umekuja kuniambia jambo. Niliitamani kuichukua usiku ule, mikono ilikuwa inatetemeka. Sikuichukua. Tulipiga picha za mazungumzo yote, tukamzuia yule mtu, hatukumjibu wala kumtukana, wala hatukufuta kitu. Kama angekuwa ameshatuma picha, tusingelipa hata senti, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi. Kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya mwaka 2023, ambayo kwa picha za uchi za walio chini ya miaka 18 hutengeneza alama ya kuitambulisha picha, mfano wa alama ya kidole, bila wewe kuipakia picha yenyewe, na majukwaa yaliyojiunga huitumia kuizuia. Asubuhi tulikwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Picha za mazungumzo ndizo zilizotufanya tusikilizwe.

Ningechagua nini

Kwa wa chini ya miaka 8, simu ya mzazi iliyotengenezwa, video ulizochagua mwenyewe, sebuleni, sauti juu ili uisikie ukiwa jikoni. Asiwe na ya kwake.

Kwa wa 8 hadi 12, kitochi kisicho na kadi, na simu yako kwa muda mliopatana. Hapa napingana na wazazi wengi wa mjini wanaonunua tableti kwa mtoto wa darasa la nne kisha wanamwachia chumbani. Tableti chumbani ni simu janja yenye kioo kikubwa. Na mwulize ametazama nini kibandani, kwa udadisi, umsikilize anavyosimulia. Wa kwangu husimulia filamu nzima, na katikati ya masimulizi najua ni kipande kipi kilimwogopesha, maana anakiruka.

Kwa wa 13 na kuendelea, simu yake, Family Link, kichujio, mipangilio ya kila programu, na ile ahadi. Ukilazimika kuacha kimoja kati ya hivyo, acha kichujio. Akifika 16, legeza saa kidogo kidogo, maana akienda chuo ataishika peke yake.

Na kama mwezi huu hakuna hela ya kununua chochote, anza usiku wa leo na simu uliyonayo mkononi: zima kushusha picha zenyewe, toka kwenye grupu la picha za ajali, au mwandikie mjomba faragha, kwa adabu, kama nilivyomwandikia wangu: "Shikamoo mjomba. Mjukuu wako aliiona ile picha na sasa hapandi pikipiki. Naomba utusaidie tusizirushe tena." Alinipigia akiwa ameumia. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewakemea wengine.

Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, nimeiandika kwa maka peni ukutani juu ya soketi tunayochajia. Ni ya bure Tanzania na Kenya pia, na inapigika hata kwenye kitochi kisicho na salio. Wa miaka 6 ameikariri kabla ya namba yangu.